Maisha ya Bwana Humphrey Bogart, Mchezaji wa Sinema

Muhula uliopita, Jumamosi moja jioni, tulionyeshwa picha ya sinema katika ukumbi wa shule yetu. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, mashine ya kuonyeshea ikawekwa juu ya meza, na wadogo wa madarasa ya chini wakaketi sakafuni mbele ya wote. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, iliyotengenezwa mwaka wa 1951, na jina lake The African Queen, maana yake Malkia wa Afrika. Yaeleza habari za kijiboti kibovu cha mvuke, na fundi mlevi, na bibi mmoja wa misheni, waliotaka kuizamisha manowari ya Wadachi, ndio Wajerumani, katika ziwa kubwa la Afrika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Picha ilipokwisha na taa zikawashwa, mtoto mmoja wa darasa la kwanza aliinua mkono akauliza mambo mawili. Aliuliza kama ziwa lile ni hili letu la Tanganyika, na kama yule fundi alikuwa mtu wa kweli. Watu walicheka tena, lakini hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma pamoja na wakubwa, nikaona haya. Nimezaliwa hapa Rumonge, na kila asubuhi naona milima ya Ubwari ng'ambo ya maji, wala sikuweza kumjibu mtoto. Basi nikaanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu ndugu zangu wanafunzi, na kwa wakubwa wetu waliokwisha kutoka shuleni.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Yule fundi jina lake katika picha ni Charlie Allnut. Mtu aliyemcheza aliitwa Humphrey DeForest Bogart. Alizaliwa katika mji wa New York, Marekani, siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1899. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji mwenye sifa, hasa wa picha za watoto katika vitabu na magazeti. Alimchora hata mtoto wake mwenyewe, na picha ile ikatumiwa kutangaza chakula cha watoto wachanga. Kwa hiyo uso wa Bogart ulianza kutazamwa na watu wengi kabla hajajua kutembea.

Wakati wa joto jamaa yote ilikwenda kukaa kando ya ziwa liitwalo Canandaigua, na huko mtoto alijifunza kuendesha mashua ya tanga. Mapenzi haya ya maji hayakumtoka mpaka kufa. Alipokuwa mtu mzima mwenye fedha, alinunua mashua nzuri iitwayo Santana, na kila alipopata nafasi aliiacha sinema akaenda baharini. Sisi watu wa pwani ya ziwa twaweza kumfahamu mtu wa namna hii.

Wazazi wake walimpeleka katika shule kubwa ya Phillips Academy, mjini Andover, wakitumaini ya kuwa atakwenda mbele mpaka chuo kikuu. Lakini kijana hakupenda kitabu, alama zake zilikuwa mbaya, na mwaka wa 1918 alifukuzwa. Nawaomba wadogo zangu wasilifurahie sana jambo hili. Bogart hakufukuzwa leo akawa mkuu kesho. Alikaa zaidi ya miaka 20 akitafuta mahali pake duniani, na wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kumpita.

Mwaka ule ule aliingia katika jeshi la majini. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa karibu kwisha, naye akatumika katika meli zilizowarudisha askari wa Marekani kutoka Ulaya. Alipotoka jeshini alifanya kazi hii na ile, hata akaangukia katika michezo ya kuigiza.

MIAKA YA KUPIGWA RISASI

Bogart hakuwa na sura ya kuwapendeza watu mara moja. Hakuwa mrefu, mdomo wake wa juu ulikuwa na kovu, na alipozungumza alikuwa na kitembe kidogo. Katika miaka ya baada ya 1920 alicheza katika majumba ya michezo ya New York, mara nyingi akiwa kijana wa kitajiri anayeingia na kutoka bila kufanya neno kubwa. Mwaka wa 1930 alikwenda Hollywood kujaribu sinema. Hakufaulu, akarudi.

Bahati yake ya kwanza ilikuja mwaka wa 1935, katika mchezo uitwao The Petrified Forest. Hapo alimcheza Duke Mantee, jambazi aliyetoroka gerezani. Mchezo ulipotakiwa kufanywa picha ya sinema, wenye kampuni ya Warner Bros. walitaka kumpa kazi ile mchezaji mwingine mwenye jina. Lakini Leslie Howard, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa mchezo ule, aliwapelekea habari ya kuwa bila Bogart yeye naye hatacheza. Wakakubali, na picha ikatoka mwaka wa 1936. Bogart hakusahau wema huu. Mwaka wa 1952 alipopata binti, alimwita Leslie, na wakati huo Leslie Howard alikuwa amekwisha kufa miaka tisa.

Baada ya hapo kampuni ilimpa kazi ya kudumu, lakini kazi yenyewe ilikuwa moja tu, nayo ni kuwa mtu mbaya. Alikuwa mwizi, au mwuaji, au mwanasheria mdanganyifu, na mara nyingi alikufa kabla ya picha kwisha. Katika Angels with Dirty Faces ya mwaka wa 1938 alipigwa risasi na James Cagney. Katika The Roaring Twenties ya mwaka wa 1939 alipigwa risasi na Cagney yule yule. Wengine wangekata tamaa au wangeingia kazini kwa uvivu. Bogart alinung'unika, maana alikuwa mtu wa kunung'unika, lakini alifika kwa wakati, akiwa amekwisha kujifunza maneno yake yote, akapigwa risasi vizuri, akaenda nyumbani. Hivyo alijifunza kazi yake. Mvumilivu hula mbivu, lakini kwanza hukaa chini ya mti muda mrefu.

MLANGO WAFUNGUKA

Mwaka wa 1941 Bogart alikuwa na miaka 41. Kulikuwa na mchezaji mwingine mashuhuri, George Raft, aliyekuwa mwepesi wa kukataa kazi. Alikataa picha iitwayo High Sierra, na Bogart akapewa. Ndani yake ni mwizi mzee aliyechoka, ambaye moyo wake unalainika kwa ajili ya msichana mmoja kiwete, akamlipia gharama ya kutibiwa mguu. Watu waliona kwa mara ya kwanza ya kuwa uso ule mkavu una huruma ndani yake.

Mmoja wa waandishi wa picha ile alikuwa John Huston. Mwaka ule ule Huston alipewa kuongoza picha yake ya kwanza, The Maltese Falcon. Raft akaikataa hiyo pia, kwa sababu hakutaka kufanya kazi na mwongozaji ambaye hajaongoza kamwe. Basi Bogart akaichukua, akawa mpelelezi Sam Spade, mtu mwerevu mwenye maneno ya dhihaka, anayewachezea majambazi kama paka na panya. Mwisho wake unashangaza: Spade anampenda mwanamke mmoja, lakini anagundua ya kuwa ndiye aliyemwua mwenzake wa kazi, naye anamkabidhi kwa polisi. Tangu siku hizo Huston na Bogart walikuwa marafiki, na urafiki huo ndio uliomleta Bogart mpaka nchi zetu, kama mtakavyoona.

Kisha ikaja Casablanca, iliyoonyeshwa kwanza mjini New York mwezi wa Novemba 1942, chini ya uongozi wa Michael Curtiz. Bogart ni Rick, Mmarekani mwenye mkahawa katika mji wa Casablanca, nchini Moroko, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mji umejaa wakimbizi kutoka Ulaya, wanaongoja karatasi za kusafiri. Wengine wamengoja mpaka fedha zimekwisha. Rick amezipata karatasi mbili zenye nguvu. Aweza kuondoka pamoja na mwanamke aliyempenda zamani, aliyechezwa na Ingrid Bergman. Daima husema ya kuwa shida za wengine hazimhusu. Lakini mwisho anazitoa karatasi kwa yule mwanamke na mumewe, ambaye ni mpiganaji dhidi ya Wanazi, na yeye mwenyewe anabaki katika hatari.

Watu wa pwani hii hawana haja ya kuelezwa habari za watu wanaongoja. Mwaka wa 1972, na tena baada ya mwaka wa 1993, watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walivuka mpaka wakaenda Tanzania, na wengine walikaa huko miaka mingi kabla ya kurudi. Kwa hiyo wakubwa wetu wakiitazama picha hii watajua mara moja ya kuwa wale wanaokaa mezani hawaigizi mambo ya kubuni. Na kwa kweli wengi wa wachezaji walikuwa wakimbizi wenyewe. Hata Conrad Veidt, aliyecheza ofisa mkali wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake kwa kuwachukia Wanazi. Picha ile ilipewa zawadi kubwa ya Oscar mwaka wa 1944. Bogart mwenyewe hakupata kitu siku ile.

NDOA YAKE, NA DHAHABU YA SIERRA MADRE

Mwaka wa 1944 alicheza picha iitwayo To Have and Have Not, yenye boti, wavuvi na risasi, pamoja na msichana mgeni katika sinema, Lauren Bacall. Walioana tarehe 21 Mei 1945, mume ana miaka 45 na mke miaka 20. Huyu alikuwa mke wake wa nne, kwa kuwa ndoa tatu za kwanza zilivunjika. Nimelitaja jambo hili kwa sababu maisha ya mtu huandikwa yote, si ya kupendeza peke yake. Lakini ndoa hii ilidumu, nao wakapata mtoto wa kiume na wa kike.

Mwaka wa 1948 Huston alimwita tena kwa picha iitwayo The Treasure of the Sierra Madre. Watu watatu maskini wanakwenda kuchimba dhahabu katika milima ya Meksiko, na mmoja wao ni Dobbs, ndiye Bogart. Kabla ya dhahabu Dobbs ni mtu wa kawaida, mwenye njaa, anayegawana sigara na mwenzake. Baada ya dhahabu hawezi kulala, awaza ya kuwa kila mtu ataka kumwibia, na mwisho ampiga mwenzake risasi. Yeye naye anauawa na majambazi, ambao hawaijui dhahabu ya vumbi. Wanadhani ni mchanga, wanaimwaga, na upepo unairudisha mlimani. Ng'ambo ya ziwa letu, katika milima ya Fizi, dhahabu iko. Kijana anayefikiri kuvuka kwa ajili yake angeitazama picha hii kwanza.

Wachezaji wengi wakiisha kupendwa hawataki tena kuonekana wabaya. Bogart alikubali kuwa Dobbs, mchafu, mwoga na mwenye wazimu, ingawa alikwisha kuwa Rick.

JAMBO LA MWAKA WA 1947

Sasa nafika mahali pagumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Marekani iliwaogopa sana Wakomunisti. Mwaka wa 1947 kamati moja ya Bunge lao iliwaita watu wa sinema kuwahoji juu ya siasa zao. Waandishi na waongozaji kumi walikataa kujibu, wakishika ya kuwa sheria kuu ya nchi yampa kila mtu uhuru wa mawazo. Mwezi wa Oktoba Bogart na mkewe, pamoja na Huston na wengine, walipanda ndege wakaenda Washington kupinga mahojiano hayo. Magazeti yalipiga picha zao, na wengi wakasema ya kuwa Rick wa Casablanca ndiye Bogart wa kweli.

Lakini upepo uligeuka. Magazeti mengine yalianza kumshambulia, na wenye makampuni wakaogopa hasara. Bogart akarudi nyuma. Alitangaza ya kuwa safari ile haikuwa ya busara, na mwaka wa 1948 akatoa makala katika gazeti moja la sinema kueleza ya kuwa yeye si Mkomunisti. Ni kweli hakuwa. Lakini watu hawakumlaumu kwa neno hilo. Walimlaumu kwa kuwa wale kumi walipoteza kazi zao, kisha wakafungwa gerezani, naye alikuwa amekwisha kuondoka karibu nao. Waliompenda walihuzunika.

Sikuliandika jambo hili kumhukumu. Naliacha hapa, nami nitalirudia.

BOTI KATIKA MTO RUIKI

Mwaka wa 1951 Huston aliamua kutengeneza picha kutoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester, kilichotoka mwaka wa 1935. Wengine wangejenga msitu wa uongo Hollywood. Huston alitaka Afrika yenyewe. Basi alimchukua Bogart na mchezaji mashuhuri Katharine Hepburn mpaka Kongo ya Wabelgiji, katika mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Kisha wakaenda Uganda, Butiaba katika Ziwa Albert, na maporomoko ya Murchison.

Kazi ilikuwa ya taabu. Usiku mmoja boti lilizama mtoni, na wenyeji wakalivuta juu kwa kamba na nguvu za mikono. Watu wengi wa kundi lile waliugua tumbo, na Bibi Hepburn akaugua vibaya, kwa sababu ya maji mabaya. Bogart na Huston hawakuugua, kwa maana walikunywa wiski mahali pa maji. Msiifanye habari hii kuwa dawa, mtaona mwisho wake. Bibi Bacall alimfuata mumewe, akasaidia kupika na kuuguza. Bogart alichukia joto, wadudu na mvua, akanung'unika tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini alifika kazini kwa wakati.

Hadithi ni hii. Ni mwezi wa Septemba 1914. Charlie Allnut huleta barua na vitu kwa boti lake mpaka misheni moja ya ndani, wanapokaa mchungaji Mwingereza na dada yake Rose. Wadachi wanachoma kijiji, mchungaji anakufa kwa uchungu, na Charlie anamchukua Rose. Shauri la Charlie ni kujificha nyuma ya kisiwa mpaka vita viishe, maana chakula kipo na pombe ipo. Shauri la Rose ni kushuka mto wote, kupita ngome na maji makali, kutengeneza mabomu mawili kwa mitungi ya oksijeni na baruti, na kuitoboa manowari iitwayo Louisa inayolinda ziwa.

Hapo ndipo kicheko. Tumbo la Charlie lalia kwa sauti mbele ya chai ya misheni, naye hana pa kujificha. Analewa, anamtukana Rose. Asubuhi anaamka kichwa kinauma, na kumbe yule bibi amekaa kimya akimimina chupa zake za pombe mtoni, moja baada ya moja. Akifurahi anaiga viboko na nyani. Ndevu hazikunyolewa, kofia imechakaa, nguo zina mafuta ya mashini. Kila mtu wa pwani hii amekwisha kumwona Charlie, akiinama juu ya mashini ya boti, akiipiga teke kwa mahali anapopajua yeye tu.

Lakini kuna mahali ambapo ukumbi wetu ulinyamaza. Boti limekwama katika matete, maji ni kidogo, na Charlie anashuka kulivuta kwa kamba. Anapopanda tena mwili wake wote una ruba. Anatetemeka, maana hakuna kitu anachokiogopa kama ruba. Rose anawatoa kwa chumvi. Kisha wote wawili wanaona ya kuwa boti haliendi. Hakuna anayesema neno. Charlie anatazama maji, anashuka tena.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora ya Bogart kuliko zote. Kushuka mara ya kwanza si kitu, maana hakujua yaliyomo. Kushuka mara ya pili ndiko ushujaa. Nimesoma ya kuwa sehemu hii haikupigwa mtoni bali katika birika la studio, Uingereza. Haidhuru. Uso ni wa mtu aliyeogopa kweli.

Mwisho mabomu yanafanya kazi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia, nami sitawaharibia wale ambao hawajaiona. Tarehe 20 Machi 1952 Bogart alipewa zawadi ya Oscar ya mchezaji bora, akiwa na miaka 52. Wengi walidhani itakwenda kwa kijana Marlon Brando.

VITA VYA KWELI KATIKA ZIWA LETU

Sasa namjibu mdogo wangu. Ziwa la picha si Tanganyika, wala Charlie hakuwa mtu wa kweli. Lakini vita vya namna ile vilikuwapo hapa hapa. Wadachi walikuwa na meli ndogo Hedwig von Wissmann na Kingani, na mwezi wa Februari 1915 waliteremsha majini meli kubwa ya urefu wa mita 70 hivi, Graf von Götzen. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa gari moshi mpaka Kigoma, ikaunganishwa huko.

Waingereza walituma vijiboti viwili vya mashini, urefu wa futi 40, majina yake Mimi na Toutou, ndivyo watoto wa Kifaransa wanavyomwita paka na mbwa. Vilipitia Afrika ya Kusini kwa gari moshi, kisha vikavutwa kupita milima ya Mitumba, vikafika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo, mwezi wa Oktoba 1915. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915. Hedwig von Wissmann ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916. Mwezi wa Juni askari wa Kibelgiji waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura. Tarehe 26 Julai mafundi wa Kidachi wenyewe waliizamisha Graf von Götzen, lakini kwanza waliipaka mashini yake mafuta mazito isishike kutu. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na tangu mwaka wa 1927 ikaitwa Liemba, ikachukua watu na mizigo ya ziwa hili kwa miaka mingi. Katika picha meli inapasuka. Katika kweli meli iliponywa na mafundi.

Nami nina neno moja la kuipinga picha, ingawa naipenda. Wenyeji wa kijiji waonekana wakiimba na wakichukuliwa na askari, basi, hawana majina. Na katika vita vya kweli, ni nani aliyekata barabara na kujenga madaraja ya kupitisha Mimi na Toutou? Ni mamia ya watu wa Kongo, kwa mashoka na kamba. Nani aliyebeba mizigo ya jeshi lililoingia Burundi? Ni wapagazi, na wengi walikufa njiani. Hao nao walishuka majini, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Wakubwa wetu wakizijua habari za wapagazi hao kutoka kwa wazee wao, naomba waziandikie gazeti hili.

MWISHO WAKE

Baada ya Oscar Bogart alicheza picha nyingine nzuri. Katika The Caine Mutiny ya mwaka wa 1954 ni nahodha ambaye akili yake inaharibika kwa hofu. Katika We're No Angels ya mwaka wa 1955 ni mmoja wa wafungwa watatu waliotoroka, wanaoingia dukani kuiba siku za Krismasi, kisha wanaisaidia jamaa ya mwenye duka. Picha yake ya mwisho ilitoka mwaka wa 1956.

Maisha yake yote alivuta sigara nyingi na kunywa pombe. Mwaka wa 1956 madaktari walimwona na kansa ya umio, ndilo bomba la chakula, wakampasua. Alikonda sana, lakini aliendelea kuwapokea rafiki zake jioni nyumbani kwake. Alikufa tarehe 14 Januari 1957, umri wake miaka 57. Katika ibada ya mazishi Huston ndiye aliyemsemea, na mahali pa jeneza liliwekwa sanamu dogo la mashua yake, Santana.

Ndugu zangu, nimeahidi kulirudia lile jambo la mwaka wa 1947. Miaka mitatu iliyopita, mwenzetu mmoja alisingiziwa ya kuwa amevunja vyombo vya maabara. Mimi nilijua ya kuwa si yeye, maana nilikuwapo. Siku ya kwanza nilisimama nikasema. Niliitwa nikaulizwa kwa ukali, nikaogopa kupoteza nafasi yangu, nikasema labda sikuona vizuri. Alirudishwa nyumbani, wala hakurudi shuleni. Sasa anavua ndagala usiku kwa taa. Nikikutana naye sokoni ananiamkia vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kwa hiyo siwezi kumcheka Bwana Bogart. Yeye alishuka Washington mara moja, akaona ruba, akapanda asishuke tena. Nami vivyo hivyo. Lakini nilipoiona picha ile nilikosa usingizi. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote. Kisha nikaenda ufukweni wakati mitumbwi inarudi, nikamwambia mwenzangu mbele ya wavuvi aliofuatana nao. Yeye hakusema mengi. Alinipa upande wa wavu tukaukunja pamoja. Mkuu ameahidi kulitazama jambo lake.

Mdogo wangu wa darasa la kwanza, uliuliza kama yule fundi alikuwa mtu wa kweli. Mimi nakujibu ya kuwa hakuwapo. Lakini kazi yake ipo, nayo hungoja mtu wa kuishika, hapa Rumonge kama huko Marekani.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho